Mzazi anayefanya kazi nyumbani bado anahitaji mlezi

Familia nyingi za mijini hupiga hesabu ileile mara baba au mama anapopata kazi ya kufanyia nyumbani. Nauli imeokolewa. Chakula cha mchana cha mgahawani kimeokolewa. Na dada wa kazi anaweza kurudi kwao, maana sasa kuna mtu mzima anayeshinda ndani. Mambo mawili ya kwanza ni kweli. La tatu ni kosa, na kosa hilo ndilo linalozaa sehemu kubwa ya shida ambazo baadaye hupewa majina mengine: uzembe, kukosa nidhamu, ndoa iliyopoa. Mtu aliye kazini, hata akiwa sebuleni hatua mbili kutoka kwenye mkeka wa mtoto, hayupo kwa mtoto. Jambo hili linafaa kuonyeshwa kwa saa na dakika, kwa sababu likiachwa kwenye hisia kila mmoja nyumbani atabaki na lake.

Chukua mtoto wa miezi kumi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Kwa kawaida mtoto wa umri huo hulala mara mbili mchana: usingizi wa karibu saa moja wakati wa asubuhi, na wa saa moja au moja na nusu baada ya chakula cha mchana. Siku njema, basi, mzazi anapata saa mbili na nusu za utulivu. Toa muda wa kumbembeleza, toa dakika za kukumbuka ulipoishia, zinabaki saa mbili za kazi. Siku meno yanapoota, au siku ya Februari pale Dar es Salaam umeme umekatika na feni imesimama, inabaki moja.

Kazi ya kutwa ni saa nane. Sita zilizobaki hutafutwa usiku. Mtoto akilala saa 2:00 usiku, mzazi akamaliza vyombo na kuketi mezani saa 3:00, saa sita za kazi zinamfikisha saa 9:00 usiku. Mtoto anaamka saa 12:00 asubuhi, na katikati ameshaamka kunyonya. Mpango wa namna hii hauchukui muda kuvunjika. Kwanza huharibika kazi yenyewe: tarakimu zilizopinduliwa, barua iliyotumwa kwa mteja asiyehusika, mkutano uliosahaulika. Kisha huja hasira, na hasira hiyo humwangukia mtoto ambaye hana kosa.

Urefu wa saa ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kukatizwa. Angalia kazi ya kuandika maneno kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, kazi inayofanywa na vijana na akina mama wengi wa Nairobi na Mombasa. Saa moja ya sauti humchukua mzoefu takriban saa nne kuiandika, na anayeanza huchukua zaidi. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa dakika ya sauti, wala si kwa dakika uliyokaa mezani. Kila mtoto anapovuta mguu wa suruali, mwandishi anasimamisha, anamhudumia, anarudi, anarudisha sauti nyuma na kutafuta tena nani alikuwa anaongea. Muda wote huo ni wake mwenyewe, haulipwi. Ndiyo maana familia inayodhani imeokoa mshahara wa mlezi mara nyingi inaulipa bila kuuona, kwa njia ya kazi chache zaidi kila wiki.

Njia ya kuthibitisha ipo, na haihitaji utaalamu. Kwa wiki mbili andika kila siku vitu viwili: saa ulizokaa mezani na kazi iliyokamilika. Wiki ya kwanza ukae na mtoto mwenyewe. Wiki ya pili mtu mwingine awe naye kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Zidisha tofauti ya kazi iliyokamilika kwa malipo yake, kisha weka jibu kando ya mshahara wa mlezi wa wiki moja. Wenye mshahara wa mwezi usiobadilika wahesabu makosa na kazi zilizochelewa, kwa kuwa huko ndiko kibarua kinakoponyoka.

Wengine hujibu kwamba simu ipo, mtoto atulizwe kwa katuni. Mwongozo uleule wa 2019 unasema mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekewe skrini ya kukaa na kutazama kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Saa moja hiyo ina thamani kubwa, na mzazi mwenye akili huitunza kwa ajili ya mkutano ule mmoja usioahirishika. Anayeitumia kuanzia chai ya asubuhi anaingia kwenye mkutano wa saa 9:00 alasiri akiwa hana kitu mkononi.

Umri hubadilisha mambo mengi. Mtoto wa miaka minne au mitano anayekwenda awali na kurudi saa 6:00 mchana anampa mzazi asubuhi nzima. Kwake mlezi wa nusu siku anatosha. Kuanzia miaka saba mtoto anaweza kushika makubaliano, akajipakulia, akafanya kazi za shule mezani. Hapo kati, miaka minne hadi saba, alama inayoonekana husaidia: kanga nyekundu kwenye kitasa maana yake usiingie ila mtu ameumia au mgeni yuko mlangoni. Alama hii hufa kwa sababu moja, nayo ni mzazi kuiacha pale kutwa. Ikitundikwa dakika 40, itolewe dakika ya 40, na mtoto apewe muda wake. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu haelewi alama wala ahadi, na kumtaka aelewe ni kumwonea.

Kabla ya kila simu ndefu mpe mtoto dakika kumi au kumi na tano zako kamili, bila simu mkononi; apelekwe chooni, apewe cha kutafuna na maji. Mtoto aliyeshiba uso wa mzazi wake huachia. Aliyesukumwa pembeni tangu asubuhi hukumbuka kiu, njaa na kidonda cha juzi mara tu anaposikia sauti ya mzazi inaongea na mtu mwingine.

Kunyonyesha ndiko ambako kazi ya nyumbani inaleta faida ya kweli, na panastahili kupangwa vizuri. Miezi sita ya mwanzo mtoto hutegemea maziwa ya mama peke yake. Akinyonya kila baada ya saa mbili au tatu, kwa dakika 20 hadi 30, katikati kunabaki vipande vya dakika 90 hivi vya kazi nzito, mradi kuna mtu wa kumchukua mtoto baada ya kunyonya, kumcheulisha na kumlaza. Bila mtu huyo vipande hivyo havipo. Maziwa ya kukamua hukaa hadi saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, na hadi siku nne kwenye friji. Katika joto la pwani ni salama zaidi kuyatia friji mara moja kuliko kuyaacha mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Waajiri wengi huchukulia kwamba aliye nyumbani hazihitaji. Azidai kwa maandishi, ziwekwe kwenye kalenda yake kama mikutano mingine, ili asije akaonekana ametoroka.

Kwa wanaofanyia kazi kampuni za nje, saa ya mwajiri ni jambo la kutazama kabla ya mshahara. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Marekani na Ulaya hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Ofisi ya New York inayofanya kazi saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni kwa saa za kule, kwetu ni saa 10:00 jioni hadi saa 6:00 usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa 11:00 jioni hadi saa 7:00 usiku wakati wa baridi. California ni saa 1:00 au 2:00 usiku hadi saa 9:00 au 10:00 alfajiri. London ni saa 5:00 asubuhi hadi saa 1:00 usiku majira ya joto, na saa moja mbele zaidi majira ya baridi. Berlin ni saa 4:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, nayo husogea saa moja vilevile wakati wa baridi. Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja tu mwaka mzima: siku yao ya kazi kwetu ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni.

Zitazame hizo saa kwa jicho la nyumba yenye watoto wa shule. Zamu ya New York inakula chote: kurudi kwa watoto, kazi za shule, kuoga, chakula cha usiku, kulala. Mzazi anabaki huru asubuhi, wakati nyumba haina mtu. Mwenye mtoto mchanga na mume au mke anayerudi kutoka kazini saa 11:00 jioni anaweza kuimudu vizuri zamu hiyohiyo, kwa kuwa mwenzake anashika jioni. Kwa hiyo hakuna zamu nzuri kwa wote, ila mwenye watoto wa darasa la pili na la tano, akipewa nafasi ya kuchagua kati ya mteja wa Ghuba na wa California, asitazame dola peke yake.

Machi ni mwezi wa kuangalia sana. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu mwenye wateja wa pande zote mbili hukuta mikutano imegongana na muda wa kumpokea mtoto. Hali hurudi mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba, safari hii kwa wiki moja. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda ya jikoni, mlezi aambiwe mapema, na si asubuhi ile ile.

Anayemaliza saa 7:00 usiku halali kabla ya saa 8:00. Basi la shule likipita saa 12:00 asubuhi na yeye ndiye anayechemsha chai na kufunga viatu, amelala chini ya saa nne. Mtu mwingine lazima ashike asubuhi, na anayelala hadi saa 3:00 asihesabiwe kuwa yuko zamu eti kwa sababu mwili wake uko ndani ya nyumba.

Wazazi wote wawili wakifanyia kazi nyumbani, zamu za kweli zinawezekana: mmoja mezani saa 12:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, mwingine saa 7:00 mchana hadi saa 1:00 usiku, na kila mmoja kujazia saa mbili watoto wakishalala. Saa ile ya mchana ni ya kula pamoja na kukabidhiana: mtoto amekula nini, amelala saa ngapi, mwalimu amepiga simu au la. Mpango huu huvunjikia mahali pamoja kila mara. Mama akiwa kwenye zamu yake ya kazi, mtoto bado anamfuata kwa sababu anamwona, na baba aliye zamu anasema, “Mwache tu aende kwa mama yake kidogo.” Kidogo hiyo ndiyo dakika ishirini mara tano. Baba aliye zamu atoke na mtoto, wazunguke dukani, wakakae barazani, na aandae uji mwenyewe bila kuuliza sufuria iko wapi. Suala la baba kuwa zamu nalisema kwa uzito, maana nyumba nyingi zimegawana kazi mbili kwa jina, huku moja ikifanywa na mtu mmoja.

Kuhusu nafasi, familia nyingi zinaishi chumba na sebule, na ushauri wa kuwa na chumba cha ofisi hauwafai. Kinachowezekana ni meza ndogo kwenye kona, mgongo wa mfanyakazi ukielekea ukuta, ili kamera ione ukuta na asipite mtu nyuma yake. Pazia zito, mkeka na godoro lililosimamishwa hupunguza mwangwi. Kipaza sauti cha kichwani kilicho karibu na mdomo huchuja kelele za jikoni kuliko kile cha kompyuta. Mvua ikianza kwenye bati hakuna kifaa kitakachosaidia. Mjulishe mteja mapema kwamba mtahamia kwenye maandishi. Kitanda kisitumike kama meza: mgongo huumia, na mwenzako anashindwa kulala.

Umeme nao ni suala la familia kuliko unavyoonekana. Ukikatika saa 4:00 asubuhi ukarudi saa 9:00 alasiri, saa tano za kazi zimehamia usiku, na zinalipwa na watoto. Ruta ya nyumbani hutumia kama wati 10. Betri yake ndogo ya wati-saa 30 huiendesha karibu saa mbili na nusu, ukishatoa kinachopotea njiani. Betri nzima ya kompyuta, betri hiyo ya ruta, na bando la akiba kwenye simu ya mtandao mwingine hutosha kuvuka mkatiko wa kawaida. Fedha ya vitu hivi itoke kwenye fungu la mahitaji ya nyumba, pamoja na unga na ada.

Kisha kuna ndugu na majirani. Anayeonekana ameketi na kompyuta huonekana hana kazi, hivyo ndiye anayeombwa kumsubiri fundi bomba, kupokea mtungi wa gesi, kwenda kwenye kikao cha harusi cha saa 8:00 mchana, kumshika mtoto wa jirani mara moja. Kuwaeleza wazee kazi za intaneti zinavyofanyika hakusaidii sana. Kuwapa saa husaidia: “Shikamoo mama, karibu sana. Niko kazini mpaka saa kumi, nikitoka tutakaa.” Akaribishwe kwa chai, apewe mahali pazuri, na saa kumi ikifika uende ukakae naye kweli. Mama mkwe aambiwe na mwanawe mwenyewe. Mkwe akiachiwa kulisema peke yake ataonekana ana kiburi, na ratiba nzima itavunjwa ili kulinda heshima.

Kwa mwajiri, mambo yaandikwe. Saa za lazima za kuwa hewani zitajwe, na kwa kazi nyingi saa tatu au nne za kukutana na wenzako zinatosha. Zilizobaki mfanyakazi azipange mwenyewe. Uandikwe muda wa kujibu: ujumbe wa kawaida ndani ya siku ya kazi, na wa dharura upigiwe simu. Bila mstari huo kila mlio wa simu unakuwa dharura, na mzazi anakula chakula cha usiku akitazama mapaja yake. Ufaransa iliingiza haki ya kutojibu kazi nje ya saa kwenye sheria tangu Januari 2017, na mwaka 2022 mswada wa aina hiyo uliwasilishwa katika Seneti ya Kenya. Tanzania, sheria ya 2004 tayari inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mapumziko hayo yanaweza kushuka hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, ikiwa saa za kazi zimekatwa katikati kwa muda usiopungua saa tatu. Kifungu hicho kinamfaa mzazi anayetaka kuacha kazi saa 10:00 jioni na kurudi saa 2:00 usiku watoto wakiwa wamelala. Ila sheria hii inamlinda mwajiriwa. Anayelipwa kwa kazi moja moja na kampuni ya ng'ambo hana kinga hiyo, hivyo aweke masharti yaleyale kwenye mkataba wake kabla ya kutia saini, wakati bado anahitajiwa.

Limebaki la mlezi mwenyewe. Dada aliyezoea kubaki na mtoto peke yake sasa ana bosi ndani kutwa, anayetoka kila saa kuomba chai na kukosoa namna uji unavyokorogwa. Mtoto anapata amri mbili na anajifunza kulia kwa yule anayelegea. Kanuni ni kwamba aliye zamu na mtoto ndiye mwenye kauli mpaka zamu iishe. Mzazi akiwa na neno, alihifadhi hadi makabidhiano, isipokuwa kuna hatari. Na saa zake zihesabiwe. Mzazi anapofanya kazi hadi saa 6:00 usiku, ni rahisi dada aliyeamka saa 11:00 alfajiri kuandaa watoto wa shule abaki macho naye, kwa kuwa mtoto mdogo amestuka na hakuna mwingine wa kumshika. Huko ndiko mizani ya nyumba nyingi inakosimamia, kwenye usingizi wa msichana asiyekuwa na mkataba. Saa zake za kuanza na kumaliza zibandikwe ukutani kando ya zile za mwajiri wa ng'ambo, apewe siku nzima ya mapumziko kila wiki, na kuanzia saa 12:00 jioni mtoto awe mikononi mwa mzazi ambaye hayuko mezani.